Ghorofa likianguka, fundi maiko ndiye wa kwanza kusomewa mashtaka

Ghorofa likiporomoka mjini, kabla vumbi halijatulia anakuwa ameshapatikana mtu wa kubebeshwa lawama, na mtu huyo ni fundi maiko. Jina lenyewe ni tusi. Ni yule ambaye hakusoma, anayepima kwa jicho, anayehesabu mchanga kwa makarai na kupanga nondo kwa mazoea. Jengo la ghorofa nne lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, na kuua zaidi ya watu 20, wenzangu wengi niliozungumza nao wiki ile walikuwa na dawa moja mdomoni: mafundi wa mitaani wafukuzwe kwenye maghorofa, kila nguzo isimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa, basi.

Mimi ni mhandisi ujenzi. Ningependa dawa hiyo ifanye kazi, maana inanipa mimi ulaji. Lakini nimekaa kwenye saiti miaka ya kutosha kujua kwamba tunamjadili fundi bila kumsikiliza.

Nianze na haki ya wenzangu, kwa sababu ipo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Namba 15 ya mwaka 1997, haikutungwa ili kulinda vyeo. Mhitimu wa chuo hukaa takriban miaka mitatu chini ya uangalizi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamkubali kama mhandisi mtaalamu, na kuna sababu. Fundi amejifunza kwa majengo yaliyosimama. Tatizo ni kwamba jengo kusimama si ushahidi kwamba lilijengwa sawasawa. Tunapokokotoa, tunazidisha mizigo na kupunguza nguvu ya zege na nondo kwa makusudi, ili kosa la kawaida lisiue mtu. Akiba hiyo ndiyo inayombeba fundi miaka 20 bila yeye kujua kwamba anabebwa. Nyumba ya chini inamsamehe karibu kila kitu. Akipanda ghorofa ya nne na mazoea yale yale, akiba imekwisha, na hakuna kengele inayolia.

Kisha kuna udongo. Baada ya ajali ya Kariakoo mazungumzo mengi yaligeukia uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo ili kupanua eneo la biashara. Fundi aliyechimba misingi 200 kwenye viwanja vitupu anaweza asiwe amewahi kuchimba hata mmoja kando ya nguzo ambayo tayari imebeba ghorofa juu yake. Udongo unaoshika msingi hauko chini yake tu, uko na ubavuni. Ukiutoa wa ubavuni, wa chini unapata pa kukimbilia. Hilo halionekani kwa timazi wala pima maji. Linahitaji mtu aliyelisoma, na hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu unaanza kwenye ndoo ya maji.

Mwaka jana nilikuwa kwenye saiti moja pembezoni mwa Dar es Salaam, siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Mikisa moja ya kuchanganyia zege, vijana kama 15 wamejipanga kwenye ngazi ya mbao, karai linapanda mkono kwa mkono. Saa tano jua limeshachachamaa. Zege linatoka kwenye mikisa likiwa zito, kama nilivyoagiza. Fundi mkuu, mzee wa miaka 60 hivi, akanijia na ndoo ya lita 20 mkononi. “Injinia, hili gumu. Vijana hawalimalizi. Niongeze maji kidogo?”

Nikamjibu kama tunavyojibu wote: hapana. Nikageuka kuangalia nondo za bimu, ile mihimili inayobeba slabu. Niliporudi, zege lilikuwa linateleza kama uji.

Hiyo “kidogo” ni nini? Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa zege la heshima unauwekea maji kama lita 25, na humo ndani unahesabu na yale yaliyojificha kwenye mchanga uliolowa. Ongeza lita 10, yaani nusu ya ndoo ile, na umepoteza karibu theluthi ya nguvu. Mimina ndoo nzima, ufikie lita 45, na zege lako linabaki na chini ya nusu ya nguvu uliyoikokotoa. Wala si siri mpya. Duff Abrams aliichapisha mjini Chicago mwaka 1918 baada ya majaribio maelfu: mambo mengine yakiwa sawa, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji. Saruji inachukua maji inayoyahitaji. Yanayobaki yanakauka taratibu na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na hivyo vitundu ndivyo udhaifu wenyewe. Unaweza kununua saruji ya bei mbaya, kokoto iliyooshwa, nondo halali, halafu ukauza nusu ya yote hayo kwa ndoo moja ya maji ya kisima.

Nikiishia hapo nimeshamhukumu mzee. Ndivyo tunavyoishia karibu wote, na ndipo tunapokosea.

Ilibidi nimuulize jioni, hasira zikiwa zimepoa, kwa nini alifanya vile. Hakunieleza habari za uvivu. Alinipeleka kwenye bimu, akaingiza kidole katikati ya nondo, kikakwama. “Zege lako lile la asubuhi litapitaje hapa?” Nondo zilikuwa zimebanana kwelikweli, nilizichora mwenyewe. Zege zito haliingii kwenye msongamano wa namna hiyo bila vaibreta ya kulitikisa likashuka, na pale saiti vaibreta haikuwepo. Mwenye nyumba aliona kuikodi ni gharama isiyo na maana, akasema vijana wagongegonge mbao kwa nyundo. Sasa fundi yuko kati ya mambo mawili. Akiliacha zege lilivyo, mbao zikitolewa bimu itakuwa na matundu kama masega, nondo zinachungulia, na mwenye nyumba hatamlipa. Akiongeza maji, zege litajaa kila kona, litatoka laini, litapendeza, na udhaifu wake hakuna atakayeuona.

Mzee alichagua kosa lisiloonekana, kwa sababu lile linaloonekana analilipia yeye. Ukiniweka mimi pale, nalipwa kwa kazi na si kwa siku, vijana 15 wananiangalia mimi kwa chakula cha jioni, sijui kama ningechagua tofauti. Mhandisi aliyechora nondo zilizobanana na asihakikishe kuna vaibreta ndiye aliyempa mzee lile fumbo. Mhandisi huyo nilikuwa mimi.

Nondo nazo zina hadithi yao. Nondo halali ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo kama 10 na nusu. Zipo zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa nyembamba. Ikipungua milimita moja tu imepoteza asilimia 16 ya chuma, na jengo linahesabu chuma, halihesabu jina. Mtu wa kwanza kuigundua mara nyingi ni fundi, kwa kuinyanyua begani. Lakini hakuinunua yeye. Aliyeinunua amesimama pembeni na simu sikioni, anauliza slabu itaisha saa ngapi.

Kwa hiyo wanaposema fundi hana elimu, nakubali nusu. Ile nusu nyingine ni kwamba fundi hana uwezo wa kukataa. Mimi nikikataa kuendelea na kazi, nina muhuri, nina sheria, nina Bodi nyuma yangu. Mwenye nyumba atanuna, lakini atafikiri mara mbili. Fundi akikataa saa nne, saa sita ameshakuja mwingine na kikosi chake, na huyo mwingine hataulizia vaibreta.

Na huo muhuri wetu tusiufanye hirizi. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwemo wahandisi. Kushtakiwa si kuhukumiwa, sitaki kumtia mtu hatiani kwa kalamu. Nasema tu kwamba jengo lile haliwezi kutumika kama ushahidi kwamba tatizo ni wasiosoma.

Mfano wa darasani wa kila mhandisi ni hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Julai 17, 1981 madaraja mawili ya ndani ya kupitia watu, moja juu ya jingine, yalianguka kwenye ukumbi uliojaa watu, wakafa 114. Mchoro wa kwanza uliyaning'iniza yote mawili kwenye fimbo moja ya chuma kutoka darini. Waliotengeneza vyuma wakaona fimbo ndefu hivyo ni usumbufu, wakapendekeza fimbo mbili fupi: daraja la juu lining'inie darini, la chini lining'inie kwenye la juu. Ni sawa na watu wawili walioshika kamba moja, halafu wa chini anaambiwa aachie kamba amshike mwenzake miguu. Kamba ni ile ile, ila mikono ya wa juu sasa imebeba watu wawili. Mabadiliko yalipita yakiwa na muhuri wa mhandisi, bila mtu kuikokotoa upya ile sehemu ya maungio. Wahandisi wawili walipokonywa leseni za jimbo la Missouri. Hapakuwa na fundi maiko hata mmoja kwenye kisa hicho. Palikuwa na saini iliyowekwa bila kuangalia, kitu ambacho sisi huku tunakifahamu vizuri: kila mmoja wetu anamjua mhandisi aliyesaini ramani ya jengo ambalo hajawahi kulikanyaga.

Wanaopinga watasema: sawa, lakini mhandisi aliyekosea ana jina, ana namba ya usajili, anaweza kunyang'anywa. Fundi akikosea anahamia Kibaha na maisha yanaendelea. Hoja hiyo ni nzito, pengine ndiyo nzito kuliko zote. Ila naona inavuta upande wangu. Kama kasoro ya fundi ni kwamba hajulikani, basi ajulikane. Angalia bango la saiti yoyote halali: mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi, namba ya kibali. Mtu anayegusa zege kwa mikono hayumo.

Kenya walilifikia hili mapema. Sheria yao ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 haikuishia kwa wakandarasi, inawatambua pia wasimamizi wa saiti na mafundi wenye ujuzi. Je, majengo yameacha kuanguka Nairobi? Hayajaacha. Ghorofa la mtaa wa Huruma lilianguka Aprili 2016, sheria ikiwa na miaka yake tayari, na jengo lile halikuwa hata na kibali. Kadi ya fundi haizuii mwenye tamaa kujenga kando ya mto. Sitaki kuiuza kama muujiza. Kwetu Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alionao, bila kumrudisha darasani akakae na watoto wake. Ni jambo zuri lililokaa pembeni, kwa sababu hakuna anayekiulizia cheti hicho siku ya kumwaga zege. Manispaa inauliza ramani. Benki inauliza hati. Fundi anaulizwa bei.

Yangekuwa mamlaka yangu, kibali cha ghorofa kisingetoka bila jina la fundi mkuu na namba ya cheti chake, na jina hilo lingekuwa kwenye bango chini ya langu. Wenzangu wananiambia nitakuwa nimempandisha cheo mtu asiyejua hesabu. Mimi naona nitakuwa nimempa sababu ya kusema hapana, pamoja na kitu cha kupoteza akisema ndiyo. Hesabu zibaki kwangu, na msingi wa kando ya jirani usichimbwe nikiwa sipo. Lakini ndoo iko mkononi mwake, na mimi siwezi kusimama kando ya kila mikisa kutoka asubuhi hadi magharibi.

Slabu ile ya mwaka jana tuliikata pale zege zuri lilipoishia, kwa hasara iliyomfanya mwenye nyumba asinisalimie wiki nzima. Sehemu iliyomwagwa na zege la uji ikavunjwa kwa nyundo. Mimi nilirudi mezani kupanga upya nondo za bimu ili kidole cha mzee kipite. Siku ya kumwaga upya vaibreta ilikuwepo, tumeikodi kwa siku moja, nusu nimelipa mimi. Kufika saa sita kijana mmoja akaanza kunung'unika kwamba zege gumu, akaelekea kwenye ndoo. Nilikuwa mbali, sikuwahi kufungua mdomo. Mzee alimwahi, akaimwaga mchangani, akaigeuza ile ndoo juu chini na kuikalia.