Azimio la kazi liko kabatini, mzazi yuko gizani

Mwezi huu binti yangu wa darasa la tatu anasoma kuzidisha kwa 6, 7 na 8. Akitoka hapo anaingia kwenye sehemu, na mwalimu ametaja kabisa ni zipi: zenye asili ya 2, 3, 4, 6 na 8, basi. Sayansi ni udongo na miamba. Maarifa ya jamii ni mji wetu ulivyokuwa zamani na ulivyo sasa. Sikuuliza mtu. Ni karatasi moja tu iliyokuja kwenye begi, imekunjwa vibaya, ina doa la juisi, na huanza hivi kila mwezi: "Mwezi huu tunajifunza..."

Nimeibandika kwenye friji. Naisoma kuliko mwenye nayo.

Sasa ngoja nijibu mapema, maana nawajua. Ndiyo, niko Ohio, Marekani. Hapana, sijasahau nilikotoka, na sijaja hapa kuwaringishia karatasi. Karatasi ni karatasi. Kinachoniuma ni kwamba karatasi hiyo nyumbani Tanzania ipo, tena imeandikwa kwa jasho kuliko hii.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila muhula unapokaribia alikuwa anaketi na rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, anapiga mistari ya azimio la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha: mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, vipindi, zana, rejea, maoni. Usiku kucha. Akikosea safu moja anachana ukurasa na kuanza upya. Kisha linafunikwa kwa gazeti na nailoni, linapelekwa kwa mwalimu mkuu, linarudi na saini, linakaa kumsubiri mkaguzi. Siku hizi mkaguzi anaitwa mthibiti ubora, lakini kabati ni lile lile. Kila kitu ambacho mimi nakisoma kwenye friji kilikuwa mle, wiki kwa wiki. Ila kiliandikwa kwa ajili ya wakubwa. Mzazi hakuwemo kwenye hesabu.

Nikimpigia dada yangu na kumuuliza mpwa wangu anasoma nini mwezi huu, ananijibu, "Anaendelea vizuri, alikuwa wa 14." Nakuuliza mada, unanipa namba! Na simlaumu, hiyo namba ndiyo anayopewa. Hiyo na michango. Waraka wa serikali wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, lakini ajenda za vikao vyetu vya wazazi mnazijua, sina haja ya kuzitaja.

Na wakati huu ndio mbaya zaidi wa kumwacha mzazi gizani. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na mpwa wangu alikuwa darasa la tatu mwaka huo, kwa hiyo ni kundi la kwanza litakalomaliza msingi darasa la sita, mwaka 2027, sambamba na la saba wa mwisho. Kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Jiografia na Mazingira. Dada yangu habari ya la sita aliisikia kwenye daladala. Mtoto wake mwenyewe, kwenye daladala!

Namsikia mmoja anasema: "Darasa lina watoto 120, mwalimu aandike barua ngapi?" Hata moja. Afungue azimio ambalo ameshaliandika, anakili mistari minne, abandike mlangoni. Au apige picha aitume kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo linajua sana kutangaza siku ya mwisho ya kulipa. Mwingine anasema wazazi wenyewe hawajasoma, watafanya nini na mada. Hii ndiyo inayonikera hasa. Mama ntilie anayejua kwamba mtoto wake wiki hii yuko kwenye kutoa kwa kukopa atamkabidhi chenji ahesabu. Hahitaji cheti kwa hilo.

Wala msidhani huku ni peponi. Karatasi hii hii inatuomba wazazi tusiwafundishe watoto "njia zetu" kwanza. Kwa hiyo 7 mara 8 binti yangu anachora safu saba za nukta nane nane, analamba midomo, anahesabu, anafuta, anaanza tena. Mpwa wangu anakujibu 56 kabla hujamaliza kuuliza, tena amesimama wima. Naona fahari, sifichi. Halafu ripoti ya huku inakuja imeandikwa "anakaribia kiwango." Anakaribia akitokea wapi? Wa ngapi? Mwalimu anatabasamu, anasema hawapangi nafasi. Siku ile niliitamani ile 14 ya dada yangu.

Lakini angalau nilikuwa na cha kubishania. Nilikwenda na karatasi mkononi, nikaweka kidole kwenye mstari wa kuzidisha, tukabishana juu ya mstari huo. Dada yangu angeweka kidole wapi?

Nilimsumbua mpaka akaenda shule kuuliza. Mwalimu, kijana mpole, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwani kuna tatizo gani, mama?" Alipoelewa kwamba hakuna tatizo, akavuta droo, akafungua azimio lake, akamwonyesha mwezi mzima: mada, wiki, vipindi. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri kweli. Dada akapiga picha. Wakati anatoka, mwalimu akamwomba jambo moja, asiwaambie wazazi wengine, watamjazia ofisi.

Hakuwaambia. Nawaambia mimi.