Phil Jackson na habari za kufuata pumzi: ilikuwa mapambo au ilikuwa kazi?

Jina la Phil Jackson likitajwa tu kwenye mazungumzo ya basketi, haziishi dakika mbili kabla mtu hajasema hata mimi ningepewa Jordan na Pippen, halafu Shaq na Kobe, ningebeba makombe. Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa, maana katika ubingwa wake 11 wa NBA kama kocha, 6 na Chicago Bulls na 5 na Lakers, hakuna hata mmoja alioupata bila staa mkubwa kikosini. Ila wanaoisema huwa wanaongeza na ya pili, kwamba yale mambo yake ya kukaa kimya na kufuata pumzi, Zen (tawi la Ubudha linalokazia kutafakari), kufukiza majani chumbani kwa timu na mafundisho ya Lakota, watu wa asili wa Marekani, kuhusu kundi kuwa kubwa kuliko shujaa yalikuwa mapambo tu ya kocha mwenye bahati. Hapo ndo nakataa, na naanza na namba moja ambayo wengi wanaijua ila wanaipita haraka sana.

Msimu wa 1992-93 Bulls wakiwa na Jordan walishinda mechi 57. Oktoba 1993 Jordan akatangaza anastaafu, msimu uko mlangoni, hakuna muda wa kutafuta mtu wa maana, nafasi yake ikaenda kwa Pete Myers ambaye msimu uliopita alikuwa anacheza Italia. Bulls wakashinda 55. Yaani timu imempoteza mtu aliyeongoza ligi kwa ufungaji misimu 7 mfululizo, na hesabu ya ushindi imeshuka kwa mechi 2 tu.

Najua majibu yanayokuja hapo na yapo ya haki. Ule mwaka wa 57 timu ilikuwa imechoka, Jordan na Pippen walitoka Olimpiki ya Barcelona moja kwa moja kuingia msimu, na mwaka wa nyuma yake walikuwa wameshinda 67. Halafu ukiangalia tofauti ya pointi kwa mechi, mwaka wa 57 walikuwa wanawazidi wapinzani kwa pointi 6 hivi, mwaka wa 55 ikashuka mpaka 3 hivi, kwa hiyo mechi nyingi walizivuka kwa kubana. Sawa. Pia walitolewa na New York Knicks kwenye raundi ya pili ya mtoano, mechi 7, kwa hiyo ubingwa bila Jordan haukuja. Yote nayakubali na bado namba ile inanisumbua, kwa sababu timu iliyojengwa juu ya mtu mmoja ukimtoa haipungui kidogo, inaanguka. Hii haikuanguka. Pippen, Horace Grant na B.J. Armstrong wote watatu waliitwa kwenye mechi ya mastaa mwaka ule, na kwa Grant na Armstrong ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndo pananoga na watu hawafiki. Kiangazi cha 1994 Horace Grant akaondoka kwenda Orlando. Grant hakuwa mtu wa matangazo, kazi yake ilikuwa ribaundi, kuweka mwili ili mwenzake apate nafasi, kukimbia kurudi kuziba. Bill Cartwright naye akaondoka, John Paxson akastaafu. Mpaka Jordan anarudi Machi 1995 Bulls walikuwa wameshinda 34 wamefungwa 31, timu ya kawaida kabisa. Kwa hiyo walivyompoteza mfungaji bora duniani walitikisika kidogo, walivyowapoteza wale wa kazi chafu wakawa wa katikati ya msimamo. Mi sisemi Grant alikuwa bora kuliko Jordan, hakuna mwenye akili timamu atakayesema hivyo, nasema kitu ambacho Jackson alikuwa anakijenga pale kilikuwa kimelala kwenye mabega ya watu ambao kamera hazikuwafuata.

Na alikijengaje? Watu wakisikia kutafakari wanawaza mtu amekunja miguu mlimani, kumbe kilichokuwa kinafanyika ni kitu cha kawaida sana. George Mumford, mwalimu wa kutafakari ambaye Jackson alimleta 1993, alikuwa anawakalisha wachezaji, wanatulia, wanafuata pumzi inavyoingia na kutoka, akili ikikimbia wanairudisha bila kuigombeza, basi. Kuna siku walifanya mazoezi bila mtu kutoa neno, kuna siku taa zikazimwa. Ukiiangalia peke yake inaonekana ya ajabu ila iunganishe na mfumo wa pembetatu ambao kocha msaidizi, mzee Tex Winter, alikuwa amewafundisha, ndo utaelewa. Kwenye pembetatu hakuna mchezo uliopangwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Watatu wanajipanga upande mmoja, wawili upande wa pili, wameachana kama futi 15, na mwenye mpira anamsoma beki amesimama wapi, akibana huku unapasi kule, ukipasi kule mwenzako anakata, akikata mwingine anajaza alipotoka, na wote watano wanatakiwa waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mchezaji ambaye bado anamuwaza refa aliyemnyima faulo dakika iliyopita, au anahesabu pointi zake, anachelewa nusu sekunde na hiyo nusu sekunde ndo ilikuwa nafasi yenyewe. Kwa hiyo kufuata pumzi yalikuwa mazoezi ya kazi ile ile ya uwanjani.

Mfano unaoonyesha vizuri ni fainali ya 1991, mechi ya 5 kule Los Angeles, robo ya nne. Lakers wa Magic Johnson wanamkimbilia Jordan wawili wawili kila akigusa mpira na yeye bado anataka kumaliza mwenyewe. Taimauti. Jackson hampigii kelele wala hachori kitu, anamuuliza swali moja tu, nani yuko wazi? Jordan anajibu Paxson. John Paxson akamaliza mechi na pointi 20, 10 kati ya hizo ndani ya dakika kama nne za mwisho, na Bulls wakachukua ubingwa wao wa kwanza kabisa. Mtu atasema swali hilo hata kocha wa watoto anaweza kuuliza. Kweli kabisa, ila tofauti iko kwa nani anaulizwa, unamuuliza mchezaji bora duniani, mbele ya wenzake, dakika ambayo maisha yake yote alikuwa anaisubiri, na anajibu ukweli badala ya kukasirika. Utayari ule ulichukua misimu miwili ya kubembelezana, maana mwanzoni Jordan hakuupenda mfumo ule hata kidogo na aliusema wazi. 1993 tena, fainali, mechi ya 6 na Phoenix, Jordan ndiye aliyekuwa amefunga pointi zote 9 za Bulls kwenye robo ya mwisho mpaka pale, halafu shambulio la ushindi mpira ukatoka kwake kwenda kwa Pippen, kwa Grant, kwa Paxson aliyekuwa peke yake, pointi tatu, zimebaki sekunde 3.9.

Basi tuje upande wa pili, na hoja kali kuliko ile ya "alikuwa na Jordan" ni hii: kumwambia mtu aweke umimi pembeni ni rahisi sana kwa anayelipwa vizuri, na ni rahisi zaidi kwa mwenye timu. Scottie Pippen alisaini mkataba mrefu 1991 ambao ulikuja kuwa aibu. Msimu wa 1997-98 alikuwa analipwa chini ya dola milioni 3, mchezaji wa 6 kwa mshahara kwenye timu yake mwenyewe, huku Jordan anapokea zaidi ya milioni 30. Sasa mtu kama huyo ukimhubiria kwamba timu ni kubwa kuliko yeye, faida ya mahubiri yako inaingia mfukoni kwa nani?

Turudi Mei 13, 1994, mechi ya 3 ya raundi ile ya pili na Knicks, tukio ambalo limemfuata Pippen miaka yote. Matokeo ni 102 kwa 102, zimebaki sekunde 1.8. Jackson anachora mpira aushuti Toni Kukoč, Pippen atupe kutoka nje ya mstari. Pippen, ambaye mwaka mzima ameibeba timu bila Jordan, anakataa kuingia uwanjani, anakaa zake mwisho wa benchi. Myers anatupa mpira, Kukoč anafunga, wanashinda 104 kwa 102 na hakuna anayejua ashangilie vipi. Wengi wanalitumia tukio hili kusema mafundisho ya Jackson yalifeli siku yalipohitajika, na kwa macho ya haraka wako sahihi. Lakini fuatilia kilichotokea chumba cha kubadilishia nguo. Jackson hakutoa hotuba, aliwaambia kilichotokea kimewaumiza na wao ndo wa kukitengeneza, akawaachia chumba. Bill Cartwright, mzee wa timu, akasimama kuongea machozi yanamtoka, akamwambia Pippen alichowafanyia. Pippen akawaomba radhi wenzake. Mechi iliyofuata wakashinda. Kocha wa kawaida pale angemfungia mtu, angepiga meza, angewaambia waandishi jina kwa jina. Kunyamaza kwa makusudi na kuwaachia wenye jambo ni kazi ngumu kuliko kufoka, na haiji yenyewe siku ya msiba, inafanyiwa mazoezi kabla.

Bado lakini naona wakosoaji wana pointi moja hapa ambayo haifutiki. Pippen alikosea, ila yeye ndiye alikuwa ametoa zaidi na kupewa kidogo kuliko wote, na ndiye aliyeombwa atoe tena. Kwa Jordan kuachia mpira ilikuwa mtu mwenye nguvu anapunguza nguvu zake kwa hiari. Kwa Pippen ilikuwa mtu aliyekwisha kujinyima anaambiwa ajinyime zaidi. Mambo haya mawili yanaitwa kwa jina moja na hayafanani hata kidogo, na kiongozi yeyote anayetaka kuiga mtindo wa Jackson bila kuona tofauti hiyo anaenda kuwaumiza watu wake.

Hoja ya kuazima vitu vya Lakota naipitia haraka tu. Jackson alikuwa amefika Pine Ridge, eneo la Walakota, na kufundisha basketi kule miaka mingi kabla hajawa maarufu, kwa hiyo hakuokota kwenye gazeti, lakini timu ya matajiri kutumia alama za watu walionyang'anywa ardhi inaleta maswali na anayeyauliza asiitwe mchokozi.

Hoja ya Knicks ndo nzito. 2014 Jackson alirudi New York kama rais wa timu, si kocha. Msimu wa kwanza wakashinda 17 wakafungwa 65, rekodi mbaya kuliko zote za klabu ile, akang'ang'ania pembetatu huku ligi nzima imehamia kwenye kushuti pointi tatu kutoka mbali, akagombana hadharani na staa wa timu, Carmelo Anthony, na 2017 akaondoka. Wakosoaji wanasema tazama, bila mastaa hekima yote imeyeyuka. Mi nasoma tofauti kidogo. Chicago alikuwa nao kila siku, anakaa nao kimya, yeye mwenyewe anatulia kwenye kiti timu pinzani ikifunga pointi 8 mfululizo na haiti taimauti ili watafute njia wenyewe. New York alikuwa ofisini, mafundisho yanashuka kama waraka. Na kumsema mchezaji wako kwenye vyombo vya habari ni kinyume kabisa cha kile chumba cha 1994. Mtu ni yule yule, vitabu ni vile vile, ila alikuwa ameacha kukifanya anachowaambia wengine wafanye.

Steve Kerr, aliyecheza chini ya Jackson na kufunga shuti la ubingwa wa 1997 kwa pasi ya Jordan, aliubeba mtindo huu mpaka Golden State Warriors alipokuwa kocha, na huko kutuliza akili ni kati ya misingi minne aliyoitaja ya timu yake. Msimu wake wa kwanza alimuomba Andre Iguodala aanzie benchi, mtu ambaye mechi zote 758 za maisha yake NBA alikuwa ameanza. Iguodala akakubali. Fainali 2015 Warriors wako nyuma 2-1, na wazo la kumuanzisha likatoka kwa Nick U'Ren, msaidizi mdogo ambaye kazi yake ilihusu video. Kerr akalichukua, wakashinda, halafu akasimama mbele ya waandishi akasema wazo ni la U'Ren. Iguodala akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Ukitaka kuona kiongozi asiyejitanguliza anafananaje kazini, ni pale, jina la kijana wa video linatajwa na bosi wakati sifa zote zingeweza kubaki kwa bosi.

Na ni kwenye timu ya huyo huyo Kerr ambako Oktoba 2022 Draymond Green alimpiga ngumi mchezaji mwenzake mdogo, Jordan Poole, mazoezini. Green akapigwa faini, akakaa pembeni siku chache, mechi ya kwanza ya msimu akacheza. Warriors walitolewa raundi ya pili na Kerr akakiri kwamba kuaminiana kulipungua ndani ya timu. 2023 Poole, aliyepigwa, akapelekwa Washington, na Green akasaini mkataba mpya. Naupenda mtindo huu na nimeutetea mpaka hapa, ila kwenye kisa hiki waliosema mzigo wa utulivu alitwishwa mdogo ili mkubwa abaki, mi sina cha kuwapinga.