Siku tano za John Logan

Wanaoandika juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wana jina la kejeli: "majenerali wa kisiasa". Ni waheshimiwa waliotoka bungeni wakakabidhiwa majeshi, askari wakawalipia ada ya kujifunza. Nathaniel Banks, aliyekuwa spika wa bunge la jimbo la Massachusetts, alichapwa na Stonewall Jackson, jenerali wa waasi wa Kusini, katika bonde la Shenandoah mwaka 1862. Benjamin Butler, naye wa bunge hilohilo, mwaka 1864 alibanwa pale Bermuda Hundred, Virginia, na jeshi dogo kuliko lake. Hao sina la kuwatetea.

Lakini John A. Logan, mbunge wa Illinois aliyepigana upande wa Kaskazini, hutupwa kapu moja nao, na hapo mimi nagoma.

Eneo la kusini mwa Illinois watu waliliita Misri, na mji uitwao Cairo upo kweli huko. Wakazi wengi asili yao ilikuwa majimbo ya watumwa, na mwaka 1861 hakuna aliyejua wangeegemea wapi. Shemeji yake Logan alijiunga na waasi. Logan mwenyewe, Mdemokrati, alisimama juu ya gari la farasi mjini Marion akawahutubia watu wake, kisha akaunda Rejimenti ya 31 ya Illinois. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, ila siku ile angeweza pia kupigwa mawe. Ni chuo gani cha kijeshi kinachofundisha somo hilo?

Tarehe 22 Julai 1864, nje ya Atlanta, Jenerali McPherson, kamanda wa Jeshi la Tennessee la Kaskazini, aliuawa. Logan alilishika jeshi hilo katikati ya mapigano, safu zikiwa zimeshaanza kuvunjika, na jioni jeshi lilikuwa bado limesimama. Siku tano baadaye Jenerali Sherman, mkuu wao wote, akampa cheo hicho Oliver Howard.

Sherman hakuwa mjinga. Jeshi lake lilikuwa ndani kabisa ya nchi ya adui, likilishwa na njia moja ya reli, na kosa dogo la mipango lingelitia njaani. Alitaka msomi wa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, tena mtu ambaye Jenerali Thomas, kamanda mwenzake chini ya Sherman, angeelewana naye. Thomas na Logan hawakuivana. Sherman alishuku pia kwamba wanasiasa huwaza kura hata wakiwa vitani. Na kweli, baada ya Atlanta kuanguka Logan alirudi nyumbani kumpigia kampeni Lincoln. Mimi naona kampeni ile nayo ilikuwa vita: Lincoln angeshindwa, ushindi wa Atlanta ungekuwa na faida gani?

Turudi kwa Howard. Huyu msomi ndiye aliyeshtukizwa na Jackson kule Chancellorsville mwaka 1863, kikosi chake cha askari kikatimuliwa. Joseph Hooker, mhitimu mwingine wa West Point, aliposikia Howard amepandishwa alijiuzulu kwa hasira. Logan alimeza uchungu wake, na tarehe 28 Julai akapigana na kushinda pale Ezra Church chini ya bosi wake mpya. Nani hapo alikuwa na nidhamu ya kijeshi?

Doa lake kubwa liko bungeni. Mwaka 1853, akiwa mbunge wa jimbo, alisimamia sheria iliyowazuia watu weusi kuhamia Illinois. Aliyekaa zaidi ya siku kumi alitozwa faini, na akikosa pesa kazi yake ilipigwa mnada. Hilo halifutiki kwa medali. Baada ya vita aligeuka, akatetea haki ya weusi kupiga kura. Wapo wasemao aliufuata upepo, ila mimi nadhani vita vilimfundisha.

Mei 1865 Sherman alimwomba Howard ampishe Logan, na kwenye gwaride la Washington Logan akaliongoza Jeshi la Tennessee akiwa mbele juu ya farasi. Wakati huo hapakuwa tena na adui wa kupigana naye.