Mmefunga duka, bangi iko palepale

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha mlango kwa gundi ya utepe, pembe moja imeshaanza kubanduka. Juu muhuri wa mji, chini aya tatu za lugha ya kisheria, halafu tarehe. Bibi alisogeza kiti chake cha magurudumu mpaka goti likagusa kioo, akasoma mstari kwa mstari, kisha akanigeukia kuniuliza kama nimeelewa alivyoelewa yeye. Nilikuwa nimeelewa. Duka limefungwa kwa amri ya baraza la mji, kwa sababu barabara ile haihesabiwi tena kuwa eneo la biashara ya bangi, hata ya tiba.

Tulikuwa tumetoka nyumbani saa tatu asubuhi. Mabasi mawili, na la pili ngazi yake ya viti vya magurudumu iligoma, tukasubiri linalofuata. Jua la Julai. Mlangoni pale tulikuta mzee mwingine na mkongojo wake, anasoma karatasi ileile kwa mara ya pili au ya tatu, kama vile maneno yangebadilika.

Mji sitautaja, maana bado natafuta riziki humo. Ni Kusini mwa California, upande wa bara, mahali ambapo asiye na gari hana miguu. Wengi mnaonisoma kazi yangu mnaijua kwa sababu ndiyo kazi yenu: tunalea wazee wa watu ili tusomeshe watoto wetu na kujenga nyumbani. Bibi huyu nipo naye mwaka wa nne sasa. Ana miaka 74 na ugonjwa wa MS, ule unaokula ganda la mishipa ya fahamu. Mchana anacheka na kunifundisha mapishi. Usiku miguu inakakamaa kama kuni, magoti yanajikunja yenyewe, na hakuna anayelala ndani ya nyumba ile. Vidonge alivyoandikiwa vinalegeza misuli, lakini vinamfanya ashinde anasinzia mezani, kichwa kimeangukia kifuani. Akakataa. Akasema hana miaka mingi ya kuipoteza usingizini.

Kilichomsaidia ni matone ya bangi. Matone manne chini ya ulimi saa mbili usiku. Wakala aliyeniajiri haniruhusu kushika chupa ile, maana kwa serikali kuu ya Marekani bangi ni dawa ya kulevya na kampuni inaogopa kesi. Basi Bibi hujidondoshea mwenyewe kwa mikono inayotetemeka, na mimi humshikia kioo aone matone yanapoangukia. Kila usiku, miaka mitatu. Nahesabu naye kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Baada ya saa nzima hivi nagusa shavu la mguu wake, nasikia mkazo unaachia.

Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, Tanga, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekulea vizuri, na wewe unampa mtu mzima wa watu bangi?" Sikumlaumu. Na mimi nilikulia mtaa uleule, ambako mvuta bangi ni mtoto aliyeharibika, basi. Lakini mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti za miaka mingi zikakubali kwamba dawa za kumeza zitokanazo na mmea huu huwapunguzia wagonjwa wa MS kukakamaa kwa misuli kama wanavyokusikia wao wenyewe, kwamba huzuia kichefuchefu cha dawa za saratani, na kwamba husaidia maumivu sugu kwa watu wazima. Uingereza waliidhinisha dawa ya kupuliza mdomoni itokanayo na bangi kwa wagonjwa hawa hawa wa MS tangu 2010. Hapa Marekani dawa hiyo haijaidhinishwa. Kwa hiyo Bibi hana duka la dawa la kawaida la kwenda na cheti cha daktari. Alikuwa na lile duka lenye karatasi mlangoni.

Watu wanasema, bangi si ni halali California? Ndiyo, na hapo ndipo donda lilipo. Mwaka 1996 wapiga kura wa jimbo hili, karibu asilimia 56, walipitisha Pendekezo 215, la kuruhusu bangi ya tiba. Halikuletwa na wafanyabiashara. Lililetwa na vifo vya UKIMWI San Francisco, na watu kama Dennis Peron aliyefungua klabu ya wagonjwa, na Mary Rathbun, mama mtu mzima aliyeoka keki za bangi akazigawa kwenye wodi kwa vijana waliokuwa wamekonda hata chai haikai tumboni. Sheria ikampa mgonjwa haki ya kuwa na bangi na hata kuipanda. Duka haikulitaja. Ilizihimiza serikali zipange namna ya kuisambaza kwa usalama na kwa bei nafuu, ikaishia hapo.

Pengo hilo ndilo madiwani walilopitia. Mwezi Mei 2013, katika kesi ya mji wa Riverside, Mahakama ya Juu ya California iliamua kwa kauli moja kwamba haki ya mgonjwa kuwa na dawa hailazimishi mji kukubali duka la kuiuza, kwa sababu matumizi ya ardhi ni mamlaka ya mji. Ikaja kura ya 2016 ya kuhalalisha bangi kwa watu wazima wote, na mlango ukaachwa wazi vilevile: kila mji uamue wenyewe. Leo zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California haziruhusu duka la bangi la aina yoyote. Haki ya Bibi imeandikwa katika sheria ya jimbo, na mtaani kwake haina mlango wa kuingilia.

Na hata mji ukisema unaruhusu, ngojeni niwaonyeshe unavyoruhusu. Sheria ya jimbo inataka duka liwe futi 600, yaani kama mita 183, kutoka shuleni, kituo cha kulelea watoto na kituo cha vijana. Hilo halina ubaya, mimi mwenyewe ni mzazi. Mji wetu ukafanya futi 1,000. Kisha ukaongeza viwanja vya michezo. Kisha nyumba za ibada. Kisha maktaba. Nilichapisha ramani ya mji kwenye karatasi mbili, nikaziunganisha kwa gundi, nikaazima bikari ya mwanangu, nikakaa mezani jikoni Jumapili moja mchana nikichora duara baada ya duara. Mwanangu alikuja akadhani ni kazi ya hesabu. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa imejaa duara juu ya duara, na peupe palipobaki ni ukanda mwembamba kando ya barabara kuu, kati ya maghala na uwanja wa vyuma chakavu. Nimekwenda kupaona. Hakuna njia ya waenda kwa miguu, basi halisimami, na malori yanapita yakirusha kokoto. Duka la Bibi lilikosa kwa sababu ya tawi dogo la maktaba lililo nyuma yake, mtaa wa pili, ambalo miaka yote hiyo halikulalamika.

Duka la pombe liko mkabala na kituo cha basi cha wanafunzi. Hilo halijaguswa.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba wenye maduka walijichafulia jina wenyewe. Los Angeles baada ya 2007 maduka yaliota kama uyoga, mamia kwa mamia, baraza limeshatangaza kuyasimamisha na yanafunguliwa tu. Ufukweni Venice palikuwa na vijana waliovaa kijani wanaita wapita njia wakamwone daktari, na kijana mzima wa afya alitoka na barua inayosema ana maumivu ya mgongo. Majirani waliolalamikia kelele na moshi hawakuzua. Lau ningekuwa nakaa mlango wa pili na mojawapo ya maduka yale, na mimi ningepiga simu.

Lakini kuyafunga kulileta nini? Juni 2010 Los Angeles iliamuru zaidi ya maduka 400 yafungwe kwa mkupuo. Wachumi wawili, Tom Chang na Mireille Jacobson, walichunguza takwimu za polisi za siku zilizofuata. Ungetarajia uhalifu upungue karibu na yaliyofungwa, si ndivyo tulivyoambiwa? Uliongezeka, hasa wizi wa mali na wa vitu vya kwenye magari. Maelezo yao yanaingia akilini mwa yeyote aliyewahi kukaa mtaa wenye genge au kioski: duka likiwa wazi kuna taa, kuna mlinzi, kuna watu wanaoingia na kutoka, kuna macho. Likifungwa panabaki giza. Waliona hivyohivyo hata kwa migahawa iliyofungwa na wakaguzi wa afya.

Sasa mtaa wa tatu kutoka kwenye ile karatasi kuna mlango mweusi usio na jina. Kila mtu anaujua. Hauna leseni, haulipi ushuru, hauulizi umri, na mji ukiufunga Jumatatu unafunguka Alhamisi kona nyingine. Yule mzee mwenye mkongojo alituambia bila kuficha kwamba sasa atakwenda huko. Mwaka 2019 watu waliumizwa mapafu na mivuke ya sigara za umeme zenye bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, na nyingi kati ya bidhaa zile zilitoka mitaani na mikononi mwa watu. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa Marekani nzima walikuwa wamefika 2,807, na kati yao waliokufa ni 68. Duka lenye leseni linauza kitu kilichopimwa maabara, na kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Mlango mweusi unauza ulichoambiwa. Baraza limemwondoa wa kwanza na kumwachia wa pili wateja wake wote, wakiwemo wagonjwa, halafu linasema limelinda watoto. Mimi nina mtoto katika mji huu. Hamjamlinda.

Niliandika barua kwa mji. Jibu lilikuja kwa adabu, mistari minne, likinikumbusha kwamba mgonjwa anaweza kuletewa nyumbani. Ni kweli. Sheria iliyosainiwa 2022 na kuanza kazi Januari 2024 inaikataza miji kuzuia wagonjwa kupelekewa bangi ya tiba majumbani, na walioipigania nawashukuru kutoka moyoni. Tulijaribu. Programu ya simu inataka picha ya kitambulisho, picha ya uso, na vidole ambavyo havitetemeki. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa zaidi ya chupa mbili, na Bibi anaishi kwa pensheni inayokwisha tarehe 22. Kijana aliyeleta alikuwa mpole sana, lakini alileta chupa nyingine, kwa sababu ile tuliyoizoea haikuwepo. Bibi akamuuliza: hii ni matone mangapi kwa mtu wa uzito wangu? Kijana akasema yeye ni dereva tu.

Kule dukani alikuwepo mtu wa kujibu swali hilo. Mwanamume wa makamo, mtaratibu, aliyejua kwamba Bibi hataki kulewa, anataka kulala. Alimwanzishia tone moja, akamwambia akae wiki, arudi. Akamwongezea la pili. Bibi alipobadilisha dawa ya shinikizo la damu, mtu huyo ndiye aliyemwambia asiongeze kitu mpaka amuulize daktari. Aliandika kwa kalamu nyeusi juu ya kifuniko, herufi kubwa: 4 USIKU. Kifuniko hicho bado Bibi anacho, amekihamishia kwenye chupa mpya ingawa nguvu yake si ileile. Usiku wa kwanza alidondosha manne kama alivyozoea, na saa sita alikuwa amekaa kitandani ananishika mkono, moyo unamwenda mbio, ananiuliza kama anakufa. Nilikaa naye mpaka alfajiri. Sikuwa na wa kumpigia aliyeijua chupa ile.

Madiwani, mlipohesabu hasara na faida za duka lile, mlihesabu kodi, maegesho, na malalamiko ya simu. Yule mtu nyuma ya kaunta mlimweka kwenye safu gani?

Siombi duka kila kona. Toeni leseni kali, kagueni kila mwezi, wekeni mlinzi, mkatae matangazo ya rangirangi, mfunge saa moja jioni. Acheni moja tu, mahali basi linapofika. Mji mzima, moja.

Kikao cha baraza ni Jumanne jioni, na anayetaka kusema hupewa dakika mbili kwenye kipaza sauti. Nilimwambia Bibi nitakwenda mimi, nitasoma aliyoniandikisha. Akakataa. Anataka wamwone. Gari la kubebea watu wa viti vya magurudumu lazima uliagize siku moja kabla, na halisubiri zaidi ya dakika tano mlangoni. Nimeliagiza la saa kumi na moja. Ameshachagua gauni, lile la buluu, na ameniambia nisisahau kuchukua kifuniko.