Kadi ya TV kwenye Linux: tuulizane chipu, si jina la boksi

Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba kadi yake ya TV imegoma kwenye Linux, namuuliza jambo moja: ndani yake kuna chipu gani? Mara nyingi hajui, na simlaumu. Boksi lina jina la kampuni, jina la modeli na orodha ya matoleo ya Windows. Chipu haikutajwa mahali popote. Ilhali kwa Linux jina la boksi halisaidii kitu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inasoma namba zilizohifadhiwa kwenye kadi yenyewe na kutafuta draiva (programu ya kuendesha kifaa) inayozijua namba hizo, basi. Msimamo wangu ni kwamba tatizo la kadi za TV na redio kwenye Linux ni tatizo la habari kabla halijawa tatizo la programu. Tunauziwa vifaa bila kuelezwa vina nini, kisha lawama anatupiwa asiyehusika.

Tuangalie kilichomo. Kadi ya TV ni vifaa kadhaa vilivyokaa kwenye ubao mmoja. Kuna kisanduku cha bati ambamo waya wa antena huchomekwa. Hiyo ndiyo tyuna, na kazi yake ni kuchagua masafa. Kuna chipu inayopokea kilichotoka kwenye tyuna na kukigeuza kuwa data. Kuna sehemu inayoshughulikia sauti. Na kuna chipu inayozungumza na kompyuta kupitia PCI (nafasi ya kadi ndani ya kompyuta) au USB, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoamua jina la draiva: Bt848 na Bt878 za Brooktree hutumia bttv, SAA7134 ya Philips hutumia saa7134, CX2388x za Conexant hutumia cx88, na vifaa vingi vya USB vyenye chipu za Empia hutumia em28xx. Draiva inatakiwa ivijue vyote, si kimoja. Ikiijua chipu ya PCI lakini ikakosea tyuna, utaona kila kitu kimekaa sawa kwenye orodha ya vifaa, programu inafunguka, na skrini imejaa chengachenga.

Hapo ndipo kadi za Bt878 zilipowachosha watu wengi, na zinastahili kuelezwa vizuri kwa sababu somo lake bado lipo. Chipu ilikuwa ile ile, lakini kila kiwanda kiliiwekea tyuna yake, saketi yake ya sauti na namna yake ya kuunganisha waya. Kiwanda makini kiliweka kwenye kadi kumbukumbu ndogo ya EEPROM yenye maelezo ya kadi hiyo. Viwanda vilivyobana gharama havikuweka chochote. Kadi ya namna hiyo ikichomekwa, kerneli inaandika UNKNOWN/GENERIC na kukisia. Wewe mwenye kadi ndiye unayepaswa kuiambia moduli, yaani draiva inayopakiwa kwenye kerneli, ukweli, kwa vigezo viwili: card na tuner. Orodha ya namba hizo imo kwenye nyaraka za kerneli, na kwa bttv peke yake kuna zaidi ya kadi 150.

Watu wengi hunakili namba za mtu mwingine mwenye kadi ya jina lile lile, zikikataa wanajaribu zinazofuata. Sikubaliani na njia hiyo. Fungua kompyuta ulisome lile bati la tyuna. Kwenye tyuna nyingi za Philips kuna kibandiko chenye maandishi kama FI1216 au FM1216, na maandishi hayo yanajieleza kuliko boksi zima. FI1216 ni tyuna ya PAL B/G, mmojawapo wa mifumo ya TV ya analojia, na kwa bttv hiyo ni tuner=5. FM1216 ina herufi moja tofauti, na herufi hiyo ndiyo inayokuambia kwamba redio ya FM imo. Nimeona watu wakihangaika na redio kwenye kadi ambayo tyuna yake haikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya redio. Amri zote za dunia hazitaweka kifaa ambacho kiwanda hakikukiweka.

Kama huwezi kufungua mashine, amri ya lspci -vnn inakupa jozi mbili za namba: ya chipu, na ya mtengenezaji wa kadi kwenye mstari wa Subsystem. Kwa USB ni lsusb. Kisha soma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli, tangu moduli ilipopakiwa, mstari kwa mstari. Kerneli husema imeiona nini, imeichukulia kuwa kadi namba ngapi, imeipa tyuna gani, na imeshindwa wapi. Ni jambo la kusikitisha kwamba taarifa hii, iliyoandikwa kwa uangalifu na watu waliojitolea muda wao, ndiyo watu huisoma mwisho baada ya kuhangaika usiku kucha.

Dalili nazo husema. Picha ikija bila rangi, mara nyingi umechagua mfumo usio wake, mfano NTSC yenye mistari 525 mahali pa PAL yenye 625. Picha ikiwa safi lakini sauti ni mvumo mtupu, angalia aina ya PAL: kwenye B/G sauti hukaa MHz 5.5 juu ya picha, kwenye I ni MHz 6, kwenye D/K ni 6.5. Kadi haijaharibika hapo; inasikiliza mahali ambapo hakuna mtu anayezungumza.

Kimya kabisa ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndicho kilichowafanya watu wengi wakate tamaa kuliko sababu nyingine yoyote. Kadi nyingi za enzi ya Bt878 zilitoa sauti kwa waya mfupi unaotoka kwenye kadi ya TV na kuingia kwenye kadi ya sauti. Waya usipokuwepo, au mlango wa Line ukiwa umefungwa kwenye alsamixer (programu ya kurekebisha sauti), hutasikia kitu hata draiva iwe timamu namna gani. Kadi zilizofuata zilipitisha sauti ndani ya PCI, na Linux huzionyesha kama kadi ya sauti ya pili kupitia saa7134-alsa au cx88-alsa. Ni hatua nzuri, ila ilileta utata mpya: sauti imefika kwenye kompyuta, lakini hakuna anayeitoa huko kuipeleka kwenye spika. Matoleo ya zamani ya tvtime, programu ya kutazama TV, yalionyesha picha tu. Ilibidi uunganishe arecord na aplay kwa mkono, ya kwanza ikisoma kutoka kwenye kadi ya TV na ya pili ikipiga kwenye spika. Mtu asiyeambiwa hilo angejuaje?

Redio ya FM kwenye kadi hizo naipenda kuliko picha. Inakaa kwenye /dev/radio0, na kwa kadi kadhaa za bttv lazima uongeze kigezo radio=1 ndipo faili hiyo itokee. Programu ndogo inayoitwa radio, inayokuja na xawtv (programu nyingine ya TV), inatosha kutembea kutoka MHz 87.5 hadi 108. Kwenye kadi yenye ule waya wa sauti, ukishaweka masafa unaweza kuifunga programu na stesheni ikaendelea kupiga, kwa sababu sauti haipiti kwenye prosesa hata kidogo. Kompyuta dhaifu kabisa iliweza kazi hiyo. Hakikisha tu umechomeka antena kwenye tundu la FM, maana kadi nyingi zina matundu mawili.

Sasa tuje kwenye dijitali. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuilinda TV ya analojia kwenye sehemu kubwa ya masafa yake, kwa nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia. Kadi ya analojia leo haina stesheni za kupokea katika nchi nyingi, ingawa bado ina thamani kwa mwenye kanda za VHS, kwa sababu tundu lake la video linafanya kazi kama zamani. Msiitupe.

Kadi ya dijitali inakaa mahali pengine kabisa: /dev/dvb/adapter0, ndani yake frontend0, demux0 na dvr0. Anayetafuta /dev/video0, faili ya kadi za analojia, kwenye kadi ya dijitali tupu hataipata, na tvtime haitamsaidia. Anahitaji kutafuta chaneli kwa dvbv5-scan au w_scan, kisha Kaffeine, VLC au, kama anataka kusambaza chaneli kwa kompyuta zote za nyumbani, Tvheadend. Kuhusu ruhusa ya kufungua faili hizo sina la kusema zaidi ya hili: jiingize kwenye kundi la video, utoke, uingie tena.

Swali la chipu linarudi hapa kwa nguvu. DVB-T2, kizazi cha pili cha TV ya dijitali ya antena, ilitangazwa kuwa kiwango mwaka 2009, na chipu iliyotengenezwa kwa DVB-T, kizazi cha kwanza, haiwezi kuifumbua T2. Hakuna draiva wala sasisho litakalobadilisha hilo. Kijiti cha USB chenye RTL2832U peke yake ni cha DVB-T tu. Ili kipate T2 lazima kiwe na chipu ya pili, kama Si2168. Vijiti viwili vinaweza kufanana kwa rangi, umbo na jina, kimoja kikawa nayo na kingine kikawa hakina. Hapo ndipo ninapokasirika. Kubadilisha chipu na kuacha jina la modeli lile lile ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na mtumiaji wa Linux ndiye anayegundua kwanza, kwa sababu CD ya Windows ndani ya boksi huwa imebeba draiva za kila toleo na kuficha tofauti.

Fimwea ni dhuluma ya pili. Chipu nyingi haziamki mpaka zipewe faili dogo la programu yao, linalowekwa /lib/firmware. Faili nyingine zimo kwenye kifurushi cha linux-firmware na hutagundua hata kwamba zipo. Lakini kwa tyuna ya XC3028, kwa mfano, mwenye kadi alitakiwa kutafuta draiva ya Windows, aendeshe skripti ya kuchomoa fimwea ndani yake, na kuliweka faili mwenyewe. Faili lenyewe ni makumi ya kilobaiti. Mtu ameshalipia kifaa. Kumnyima kipande kinachokiamsha hakumlindi mtengenezaji na lolote ninaloweza kuliona.

Na bado, chipu ikijulikana, mambo makubwa hutokea. Mwaka 2012 Antti Palosaari, mtengenezaji wa draiva za Linux, aliona kwamba RTL2832U ikitumika kusikiliza FM haifumbui redio ndani yake, bali inatuma kwenye kompyuta sampuli ghafi za mawimbi na kuiachia programu ifanye kazi yote. Watu wa Osmocom, mradi wa programu huria za mawasiliano ya redio, wakajenga juu yake, na kijiti cha kutazama TV kikawa redio ya programu. Chenye tyuna ya R820T kinasikiliza takriban kuanzia MHz 24 hadi 1766. Ukitaka kukitumia hivyo, zuia moduli ya dvb_usb_rtl28xxu isikishike kwanza, kisha tumia rtl_fm au Gqrx. Hakuna boksi lililowahi kuahidi uwezo huo. Ulipatikana kwa sababu kuna watu walichunguza kilichomo.

Kwa hiyo nina sharti moja ninaponunua: draiva iwe ndani ya kerneli. Kampuni inayokupa faili la kukompaili mwenyewe imekupa kifaa chenye umri mfupi, kwa kuwa kerneli ikibadilika ndani, draiva ile inaachwa nyuma na kampuni imeshahamia bidhaa nyingine. Bttv ilitishiwa kuondolewa pamoja na sehemu za kizamani za kerneli ilizozitegemea, na mwaka 2023 ikaandikwa upya kwa mfumo wa sasa badala ya kufutwa. Kadi za miaka ya tisini bado zinawaka! Sijui mtengenezaji anayeweza kutoa dhamana ya namna hiyo.

Kama kadi yako inafanya kazi, waandikie wenzako maelezo yatakayowasaidia: jozi za namba kutoka lspci au lsusb, maandishi ya kwenye bati la tyuna, toleo la kerneli, fimwea iliyotumika, na kama ni T au T2. Kama kuna kibandiko chenye toleo la ubao, mathalani rev 2 au V3, kiandike pia, kwa kuwa mara nyingi hicho ndicho kinachotofautisha kadi mbili zenye jina moja. Jina la boksi liweke mwisho.