Muulize Mgonjwa Kabla ya Kukagua Kufuli

Muuguzi mgeni akiletwa wodi ya wagonjwa wa akili, huanza kwa kuonyeshwa funguo: huu wa mlango mkubwa, huu wa kabati la dawa, huu usiutoe mfukoni hata ukienda kunywa maji. Mimi nilianza hivyo, na kwa miaka niliwapokea wenzangu hivyo hivyo. Siku hizi funguo zinangoja. Kwanza namkalisha mgeni mbele ya mgonjwa mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nikimtaka amuulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Wengi hugwaya. Wanaogopa kumtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo imechunguzwa mara nyingi na watafiti, na imeonekana haina msingi: swali halipandi wazo, na kwa wengine ni mara ya kwanza kupata pa kulitua. Linalodhuru ni swali la kuzungukazunguka. Ukimwambia mtu, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" umeshamwekea jibu mdomoni. Atasema hapana ili akuridhishe, nawe utaandika hapana kwenye faili. Akisema ndiyo, usikimbilie kumkemea wala kumhubiria. Endelea kuuliza. Ana mpango? Njia anayoifikiria iko karibu naye? Amewahi kujaribu? Aliyewahi kujaribu yumo hatarini zaidi, hata kama leo anatabasamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na bado tunaona haya kulitaja neno lenyewe.

Na anayesikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, vilevile aulizwe waziwazi. Niliwahi kuandika "anasikia sauti" zamu tatu mfululizo, nikaona nimefanya kazi. Aliyenipokea zamu ya nne ndiye aliyeketi kitandani pa mgonjwa akamwambia, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutesa. Zinakuambia nini?" Zilikuwa zikimwamuru ampige aliyelala kitanda cha pili. Siku tatu nzima watu wawili walikuwa hatarini mbele ya macho yangu, na karatasi zangu zilikuwa safi kabisa. Bado linaniuma.

Sidharau milango. Kamba, nyembe, vioo, ndoana za ukutani, hayo yaondolewe bila mjadala. Mgonjwa wa kuangaliwa kila baada ya dakika 15 naye aangaliwe kweli, si kutiwa alama kumi kwa mkupuo mwisho wa zamu. Tena usipite kwa saa zile zile. Mwenye nia ya kujidhuru huhesabu hatua zako kuliko unavyodhani, na anajua kwamba wakati wa kukabidhiana zamu sote tumejazana chumba kimoja. Abaki muuguzi mmoja huko nje. Ukimkuta mgonjwa amejifunika gubigubi, usitosheke na umbo chini ya shuka, hakikisha anapumua.

Lakini tunakopoteza watu wengi zaidi ni kwenye mwili, na hapo ndipo ninapokasirika. Wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, sehemu kubwa kwa magonjwa ya kawaida: moyo, kisukari, mapafu. Mgonjwa akilalamika kifua kinambana, huambiwa ni wasiwasi. Mzee aliyekuwa mzima jana, leo haijui siku wala mahali alipo, huletwa kwetu kama mwendawazimu wakati hajapimwa sukari, oksijeni wala maambukizi ya mkojo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kuchukuliwe kuwa ni ugonjwa wa mwili mpaka vipimo viseme vinginevyo.

Na dawa zetu wenyewe zina makali yake. Anayetumia klozapini, dawa ya maradhi makali ya akili, akipata homa na koo likamuuma, usimpe panado ukamwacha alale: chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, huenda zimeporomoka, apimwe damu siku hiyo hiyo. Mwulize pia kama amepata choo. Ni swali linalotuchekesha tukiwa wanafunzi, ila dawa hiyo hufunga tumbo kiasi cha kuua. Wa lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akianza kutapika, kuhara, kutetemeka vibaya na kuyumba, dozi inayofuata isimamishwe na daktari aitwe. Kiwango kinachotibu na kinachosumisha vimekaribiana mno, na kukaukiwa maji tu kunatosha kumvusha mpaka huo. Aliyezoea pombe nyingi akaiacha ghafla naye anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo.

Kuhusu kumfunga mgonjwa, msimamo wangu kwamba iwe njia ya mwisho kabisa hauwapendezi baadhi ya wenzangu. Mwaka 1797, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Jean-Baptiste Pussin aliwafungua wagonjwa minyororo. Hakuwa daktari, alikuwa msimamizi wa wodi, mtu wa kushinda nao kutwa kucha. Naamini aliweza kwa sababu aliwajua mmoja mmoja. Mara nyingi anayeishia kufungwa alikuwa ametuonyesha dalili saa nzima kabla: anapiga hatua huku na huku, sauti inapanda, ngumi zimekunjwa. Huo ndio wakati wa kumsogelea kwa upole, kwa umbali wa heshima, ukimwachia njia ya kutokea. Ikishindikana kabisa na lazima ashikwe, asilazwe kifudifudi, asikandamizwe mgongoni, na awepo mtu wa kutazama pumzi yake tu. Afunguliwe mapema iwezekanavyo. Akitulia, rudi uketi naye umweleze kilichotokea.

Kisha huja siku ya kuruhusiwa, wote tunafurahi, na hatari inarudi. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni miongoni mwa nyakati ambazo wagonjwa wetu hujiua zaidi, na bado wengi huondoka na tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Mwezi ni mrefu mno. Ningetaka apigiwe simu ndani ya siku tatu, na muuguzi ambaye sauti yake anaifahamu. Nyumbani dawa zitunzwe na ndugu, kidogo kidogo, zisikae za mwezi mzima kando ya kitanda. Na kabla hajavuka mlango, aandike kwa mkono wake mwenyewe dalili zinazomtangulia akianza kuzidiwa, na majina ya watu wawili atakaowaamsha hata saa nane za usiku.