Sekunde 24 za kumkaba goblini

Sufuria langu la maharage liliungua kwa sababu ya goblini, kile kijitu kikorofi cha kwenye hadithi za Wazungu. Najua inavyosikika, subirini nianzie mbali kidogo.

Mi mtu wa Tanga, nimekulia barazani kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64 na kuna wazee wanajua kete yako itaishia wapi kabla hujainua mkono, na sijawahi kuona hata mmoja anafungua kitabu katikati ya mchezo. Ukibisha unaulizwa "we mgeni hapa?" na kesi imefungwa.

Sasa 2006 nikawa Milwaukee kule Wisconsin, nasoma, Januari, baridi ile ya kukufanya usahau kama una masikio. Nilikuwa nimepanga nyumba na vijana watatu wa Kimarekani, na kila Ijumaa usiku wanashuka besimenti na mabegi ya vitabu mpaka saa nane usiku. Nikadhani wanasali. Kumbe wanacheza Dungeons & Dragons. Mkubwa wao, tumwite Ndevu maana ndizo zilikuwa zinatangulia kuingia chumbani, akanieleza kwa fahari kwamba hapo tulipo ni kama saa moja tu kwa gari kutoka Lake Geneva, kwa mzee Gary Gygax mwenyewe aliyeuanzisha huu mchezo na mwenzake Dave Arneson mwaka 1974, na mzee bado yuko hai (alifariki 2008, Mungu ampumzishe). Alivyoongea ungesema anakuonyesha njia ya kwenda kuhiji.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Ndevu ndiye msimuliaji, wanamwita DM, nyie wengine kila mtu ana mhusika wake, ukitaka kufanya jambo unasema, halafu unatupa dadu lenye pande 20 unajumlisha na namba za kwenye karatasi yako. "Unaweza kufanya CHOCHOTE," Ndevu akaniambia. Mi nikapenda papo hapo, nani asiyependa hadithi, nikachukua mbilikimo mpiganaji mwenye shoka na ndevu kumzidi Ndevu. Nikanunua na kitabu kabisa, toleo la 3.5, dola 29.95, kurasa 320. Na hicho ni kimoja, viko vitatu. Hapo ndo ningeshtuka.

Ufa wa kwanza ulikuwa ngazi. Mi nikipewa kitabu chenye orodha ya bei naisoma, ndivyo nilivyolelewa dukani kwa mjomba. Nikakuta ngazi ya futi 10 inauzwa shaba 5. Mti mmoja wa futi 10, fedha 2, ambazo ni shaba 20. Ngazi si miti miwili na vipago? Sasa kitabu kinasema ukiuza kitu unapata nusu bei, kwa hiyo nanunua ngazi kwa shaba 5, nang'oa vipago, nauza miti miwili kwa shaba 20. Nikamwambia Ndevu mi sitaki tena kwenda kwenye mapango kupigana na madubwana, nafungua biashara. Akakataa. Ati hakuna atakayenunua miti. Nikamuuliza kama hakuna mnunuzi bei imetoka wapi? Akanywa soda. Mpaka leo hajanijibu.

Basi, usiku wa maharage. Nilikuwa nimebandika maharage jikoni juu tangu saa kumi na mbili, makavu yale, nikiwa na kopo langu la tui pembeni nasubiri yaive. Saa mbili hivi nikaonja, bado kidogo, nikaongeza maji nikasema nishuke chini mara moja, zamu yangu ikipita napanda. Chini nikakuta goblini ametuibia ramani anataka kukimbia. Yuko hapa mbele yangu! Kadogo hivi, kamefika kiunoni. Wenzangu wanasema mpige shoka. Nikasema hapana, ya nini kuua, mi namkaba. Namshika ukosi kama kibaka wa sokoni, tunachukua ramani, anapigwa makofi mawili aende zake.

Meza nzima ikanyamaza. Mmoja akalaza uso mezani akasema "siyo kukaba jamani, chochote ila siyo kukaba". Mi nikadhani utani.

Sikilizeni sasa. Kwenye hilo toleo ukitaka kumshika mtu, kwanza yeye anapewa nafasi ya kukupiga bure, na akikuumiza tu jaribio lako limekufa. Asipokuumiza, unatupa dadu kuona kama umemgusa. Ukimgusa, mnatupa dadu wote wawili mshindane. Ukishinda, ndo unasogea pale alipo. Mi hesabu yangu ya kukaba ilikuwa +4, yake -3 kwa sababu ni mdogo, yaani nimemzidi saba nzima, kazi nyepesi. Raundi ya kwanza kakanipiga rungu la miiba, imekufa. Raundi ya pili kakanikosa, nikatupa nikapata 7, jumla 11, inatakiwa 12. Ya tatu nikakagusa! Tukashindana, mi 3, kenyewe 17.

Na hapo katikati vitabu vinafunguliwa. Hivi goblini wa pembeni naye anapiga bure au la? Anapiga ukisogea, hapigi ukigusa. Shoka langu liko mkono gani? Kuna dakika kumi zilizopotea kwenye shoka peke yake.

Raundi ya nne nikamkaba! Nikashangilia mpaka nikamwaga chipsi. Ndevu akasema vizuri sana, raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo mmepambana sekunde 24. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika ishirini.

Na hapohapo juu alamu ya moshi ikaanza kulia. Ndevu, bila kuinua macho kitabuni: "Wote tupeni dadu la kusikiliza."

Nilipofika jikoni hakukuwa na maharage. Kulikuwa na kitu kama lami, na moshi umeshuka mpaka usawa wa kifua. Nikazima jiko, nikafungua madirisha, baridi ikaingia moshi ukagoma kutoka. Jirani alishapiga simu, maana hata dakika kumi hazikuisha zimamoto wako sebuleni na mabuti yao na theluji yao. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, ulikuwa wapi wakati sufuria linaungua? Nikiwa nimepaniki, na Kiingereza changu cha wakati ule, nikasema ukweli: nilikuwa chini, nimemkaba Goblini.

"Nani?"

"Goblini. Mdogo hivi. Ametuibia."

Jamaa akabadilika sura. Akaita mwenzake wakashuka ngazi mbiombio, akafika chini anamuuliza Ndevu yuko wapi huyo mtoto, anapumua? Ndevu akatazama karatasi yake, wallahi sitanii, akamjibu: "Yuko hai. Ila bado kidogo azirai."

Ilituchukua muda kulieleza lile jambo, na mwenye nyumba alipokuja ikabidi tulieleze upya. Sufuria dola 22, ukuta wa jikoni nikaupaka rangi mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata nikashuka kwa ajili ya ramani tu. Ndevu akaniambia kwa sababu niliinuka mezani kwenye zamu yangu, nilimwachia goblini, na ameshakimbia. Nikauliza sheria hiyo iko ukurasa gani. Wote wanne tukatafuta karibu saa nzima. Haipo.

Kitabu nilikipeleka duka la vitabu vilivyotumika. Muuzaji akanipa dola nne. Nikamwambia kitabu chenyewe kinasema ukiuza unapata nusu bei, nikamfungulia na ukurasa. Akausoma wote, polepole, akaongeza dola mbili.